Mlingoti Juu ya Paa la Zadock

Kaka yangu Zadock alipima miwa kwa miaka ishirini na minane. Trekta ilipanda kwenye mizani ya kiwanda upande wa Awendo, yeye akaitazama namba kupitia dirisha dogo, akaiandika, akagonga muhuri. Wakulima walimjia na maneno: mzigo huu ni mkubwa kuliko wa jana, wewe mwenyewe unauona kwa macho. Alikuwa akiwajibu, "Macho hayana kilo." Hakuchukua hongo, na kwa sababu hiyo wengi hawakumpenda mpaka siku aliyostaafu.

Mimi ni Milka, mdogo wake wa mwisho, ninayeishi Migori mjini. Kanisani wameandika juu ya miaka aliyotumika kama mzee wa kanisa letu la Waadventista, nao wameandika vizuri. Mimi naandika juu ya rauta ya intaneti aliyoifunga nyumbani kwake. Katika kazi ile ndipo nilipomwona ndugu yangu alivyokuwa, na katika kazi ileile ndipo nilipomkosea.

Alipostaafu alijenga nyumba ya matofali na mabati huko kwetu Kasipul, nyuma ya kilima, mbali kidogo na Oyugis. Sasa, kwa sisi Wajaluo, zamani nyumba ya mwenye boma ilichomekwa kileleni fimbo yenye ncha, ikitazama juu. Fimbo hiyo huitwa osuri. Ikisimama, watu wanajua mwanamume wa boma yuko hai. Akifa, huvunjwa. Nyumba nyingi za mabati siku hizi hazina, lakini wazee hawajasahau. Nyumba ilipokwisha, baba yetu mdogo, Mzee Nyangweso, aliizunguka mara moja akiwa ameweka mikono nyuma, kisha akauliza, "Osuri iko wapi?"

"Baba, nikiwa hai mtaniona," Zadock akamwambia. "Sihitaji mti wa kunitangaza."

Mzee alienda zake bila kunywa chai.

Zadock na mkewe Benta walijaliwa mtoto mmoja tu, Joyline. Mwaka wa 2022 Joyline alikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Mama wa nyumba ile alimwekea simu yake kabatini, akawa anamrudishia kwa muda mfupi alasiri kabla mama huyo hajalala, na si kila siku. Simu haikuwa na laini ya kule. Ilitumia intaneti ya nyumba ile tu, kwa hiyo sisi huku nasi tulipaswa kuwa kwenye intaneti dakika ileile. Na kwa Zadock netiweki haikufika. Ilibidi mtu apande kilima na simu mkononi, na akifika juu anakuta maandishi ya jana: "Baba, nimepiga mara tatu. Mko?"

Siku moja aliacha ujumbe wa sauti. Zadock aliniletea Migori niusikilize, kwa sababu hakutaka Benta ausikie. Joyline alikuwa akinong'ona. "Baba, kuna msichana wa Kakamega nyumba ya pili. Wanampiga. Anasema walianza walipoona hakuna mtu wa kwao anayemtafuta. Mimi wananiuliza, wewe una watu? Nasema ninao. Sasa mkae karibu na simu."

Zadock alinitazama. "Umesikia? Huyo mtoto anapimwa kila siku," akasema, "na sisi ndio kilo zake."

Alinunua daftari la shule. Kwa wiki mbili alizunguka boma na simu, asubuhi na jioni, akiandika mistari ya netiweki kama alivyoandika uzito wa miwa. Mlangoni, sifuri. Chini ya mti wa parachichi, sifuri. Jikoni kwa Benta, moja, halafu inapotea. Kwenye zizi, sifuri. Halafu akaweka ngazi na kupanda juu ya paa, mtu wa miaka sitini na mitatu, akaandika: mgongoni mwa paa, tatu. Akapima tena siku sita. Tatu, tatu, tatu.

Alikuja Migori na daftari hilo na tukaenda pamoja kwenye duka la Ken, kijana anayeuza vitu vya kompyuta karibu na stendi. Ken alimwekea rauta tatu juu ya meza.

"Mzee, hii ni ya waya wa fibre. Ndiyo yenye mbio. Kwenu fibre imefika?"

"Imefika Oyugis."

"Na nyumba iko Oyugis?"

"Nyumba iko mahali iliko."

"Basi fibre haijafika." Ken akaiondoa. "Hii ndogo unabeba mfukoni, ina betri yake. Stima ikipotea, wewe unaendelea."

"Inashika netiweki kuliko simu yangu?"

"Kidogo."

"Kidogo ni ngapi?"

Ken akacheka. "Mzee, si sukari hii."

"Kijana, kitu ambacho hakijapimwa ni maneno tu." Akafungua daftari na kumwonyesha. Ken alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akaacha kucheka. Kisha akasukuma ile ya tatu mbele. Ilikuwa nyeupe, ya kuchomekwa kwenye umeme, na nyuma ilikuwa na matundu mawili.

"Hii unaweka laini ndani. Lakini netiweki ikikataa kuja kwako, unaifuata nje. Hapa unafunga nyaya mbili, zinapanda mpaka kwa antena juu ya paa. Watu wangapi watatumia?"

"Mmoja."

"Mmoja tu? Mzee, hii inabeba watu thelathini na wawili."

"Huyo mmoja anatosha," Zadock akasema.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kumsaidia. Kwanza aliiweka kabatini sebuleni, kando ya redio, ili tu Ken asije akasema hakufuata maagizo. Taa yake ikawaka nyekundu. Ken alikuwa ametufundisha: nyekundu hakuna kitu, bluu mko hewani. Tukaipeleka dirishani, nyekundu. Tukaipeleka jikoni, na Benta akasema tukiiacha hapo ataipika pamoja na ugali, nayo ikabaki nyekundu vilevile.

Ndipo Zadock akapanda juu na antena. Alikuwa ametafuta bomba la chuma la kuisimamisha, na ncha ya juu ya bomba aliiponda kwa nyundo mpaka ikachongoka, ili mvua isiingie ndani. Mimi nilikaa sebuleni nikiitazama taa, Benta akasimama mlangoni kupeleka habari.

"Nyekundu," nikasema.

"Nyekundu," Benta akamwambia.

"Na sasa?"

"Bado. Baba Joyline, usianguke huko, mimi sina nguvu za kukuokota."

Akaigeuza kidogo kidogo kuelekea upande wa Oyugis. Taa ikapepesa. Ikawa bluu.

Benta hakupeleka habari. Aliingia ndani kuiona kwa macho yake, akasimama mbele yake, mkono kifuani. Juu ya mabati Zadock alikuwa akiuliza, "Wanawake, mmelala?"

Ni saa hiyo Mzee Nyangweso alipokuwa akipita na ng'ombe wake. Alisimama nje ya ua, akatazama bomba lililosimama kileleni mwa nyumba na ncha yake.

"Wuod owadwa," akaita, maana yake mwana wa ndugu yangu. "Naona mwishowe umeweka."

Zadock alikuwa na furaha, na alipokuwa na furaha alikuwa mtu wa utani. "Nimeweka, baba. Mmenisumbua miaka mitatu. Osuri yenu hiyo, sasa mkalale usingizi."

Sote tulicheka, na mzee akacheka kutushinda. Akafunga ng'ombe, akaingia, akanywa chai vikombe viwili katika nyumba ambayo hakuwahi kunywa chai ndani yake.

Ken alikuwa ametuambia tubadilishe neno la siri lililoandikwa chini ya rauta. Zadock aliandika njoonyumbani7. Saba ilikuwa ya Sabato.

Joyline alipiga Jumanne. Nilikuwa nimesharudi Migori, lakini Benta alinisimulia mara nyingi hata naona kama nilikuwapo. Alimwona mama yake, akaona makochi, akalia. Zadock akampeleka kabatini kumwonyesha taa. "Hii ikiwa bluu, tupo," akamwambia. "Haizimwi." Kweli haikuzimwa. Ijumaa jua likitua, redio na televisheni zilizimwa kama kawaida ya nyumba zetu, lakini rauta iliachwa. Benta alipomwuliza kama ni halali, Zadock alisema mtoto hajapewa Sabato huko aliko.

Siku nyingine mama wa nyumba kule alipita nyuma ya Joyline, na Zadock akamsalimu kwa Kiingereza chake cha ofisini, polepole, akamwambia yeye ni baba mzazi, na kwamba anamshukuru kwa kumtunza binti yake, na kwamba atakuwa akimsalimu kila mara. Tangu siku hiyo Joyline alikuwa akipewa simu karibu kila alasiri. Zadock naye aliacha kutoka alasiri. Kuanzia saa tisa alikaa kwenye kiti kando ya kabati, amevaa shati safi. Alikaa hivyo mwaka mzima na miezi miwili.

Mwezi wa saba mwaka huu alianguka shambani. Walimkimbiza hospitali Homa Bay, nami nikamkuta akiwa hai lakini hasemi. Jumatatu alfajiri akafariki. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Benta aliniambia jambo moja tukiwa bado kwenye baraza ya hospitali. "Wifi, mtu asimwandikie Joyline. Yuko peke yake huko. Atapiga, nitamwambia mimi mwenyewe, nikimwona uso, na yeye akiniona." Nilimwahidi. Tukarudi nyumbani, Benta akakaa chini sakafuni kama wafiwa wanavyokaa, simu mapajani, kichwa chake kikielekea kabatini. Taa ilikuwa bluu. Joyline hakupiga Jumatatu. Hakupiga Jumanne.

Jumatano wazee wa ukoo walikaa chini ya turubai kupanga mazishi. Mwili ulikuwa uletwe Alhamisi. Waliniita, kwa kuwa mimi ni binti wa boma lile, na Mzee Nyangweso akaanza.

"Osuri bado imesimama."

"Ile si osuri, baba," nikasema. "Ni antena ya intaneti. Joyline anapigia hapo."

"Milka, mimi si mjinga. Najua ni kitu cha simu. Lakini mtu anaweza kukata mti wa kuni akaufanya mwimo wa mlango. Tangu hapo ni mwimo. Mwenye nyumba huyu alisema ni nini?"

Nikatazama juu ya paa.

"Mlikuwa watu watatu siku ile. Mmoja amekufa, mmoja ni mjane, simwulizi. Nakuuliza wewe. Alisema ni osuri, au hakusema?"

Nimefundishwa tangu utoto kwamba ndiyo yangu iwe ndiyo. Nilikuwa sijalala siku tatu. Wazee saba walikuwa wakinitazama.

"Alisema," nikajibu, "lakini alisema kwa utani."

"Alisema," Mzee Nyangweso akawaambia wenzake.

"Kwa utani, baba."

"Mwanangu, mtu hafanyi utani na jambo hilo. Na kama alifanya, basi amekufa nalo likiwa limesimama. Unataka aingie nyumbani kwake kesho, huku paa linasema bado yuko hai?" Sauti yake ilikuwa ya upole. Alimpenda Zadock. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu ningeweza kumchukia nikapumzika.

Nilisema wangoje hata mtoto apige kwanza. Mmoja akasema mtoto atapigiwa kutoka Oyugis. Nikaeleza kwamba yeye hapigiwi, yeye ndiye hupiga, na saa haijulikani. Lakini wanaume wawili walikuwa tayari wamesimamisha ngazi. Mimi, niliyekuwa nikiwahubiria watu kwamba mila hizi ni bure mbele za Mungu, sikwenda kuishika ile ngazi na kusema hapana. Niliogopa kuonekana binti aliyeolewa mbali akija kumzuia ndugu yake asizikwe vizuri.

Bomba halikufunguliwa. Osuri huvunjwa. Walilikunja mpaka likakatika, antena ikateremka juu ya mabati na kupasuka chini, nyaya zikang'oka. Benta alitokea mlangoni akiwa na leso kichwani.

"Mnafanya nini juu ya nyumba yangu?"

"Pole, mama," Mzee Nyangweso akamwambia. "Tunamtoa mwenye nyumba kwa heshima."

Benta aligeuka kutazama kabatini, nami nikatazama. Nyekundu.

Nilichukua simu mkononi mwa Benta nikakimbia kilimani, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, sketi imefungwa magotini. Juu, netiweki iliposhika, simu ikatetemeka. Joyline alikuwa amepiga dakika ishirini kabla. Nikamwandikia, "Piga tena mwanangu, tupo," nikakaa juu ya jiwe hadi giza. Alhamisi nilikuwa mochari kutia sahihi ya kuchukua mwili, na niliporudi na kupanda kilima, nikakuta amepiga saa tisa alasiri, mara nne. Ijumaa nilifika juu mapema. Kulikuwa na ujumbe wa sauti wa jana jioni.

"Baba, taa si bluu? Mmeniandikia piga, nikipiga hampokei. Mama wa nyumba ameniuliza leo, yule mzee wako wa kunisalimia yuko wapi. Nimesema yupo. Amecheka. Baba, mpokee tafadhali."

Nikavunja ahadi. Nilimwandikia pale pale kwamba baba yake amelala usingizi wa mauti, kwamba hatujamwacha, kwamba apige saa yoyote, mimi sitashuka. Ujumbe ulipotoka ulionyesha alama moja ndogo ya kijivu. Alama mbili ndizo huonyesha kwamba umefika. Nilikesha nikashinda siku ya Sabato kilimani, alama ikiwa moja. Jumapili tulimzika Zadock, alama ikiwa moja.

Hiyo ni miezi mitano sasa. Bado ni moja. Wakala aliyempeleka Joyline hapokei simu. Nimekwenda ofisi mbili Nairobi, na kote wameandika jina lake kwenye karatasi.

Wiki ya tatu baada ya mazishi nilirudi kwa Ken. Alimwulizia mzee wa daftari, nikamweleza, akanipa antena nyingine. Lakini hapakuwa na wa kuifunga. Mjane hasimamishi osuri, na hakuna fundi wa pande zetu aliyekubali kutia mti kileleni mwa nyumba ya marehemu, hata wa kanisani kwetu. Kila mmoja alikuwa na mgongo unaouma. Nililitafuta daftari la Zadock nione kama kuna mahali pengine. Hapakuwa. Alikuwa amepima kila mahali, na kila mahali ni sifuri, isipokuwa mgongoni mwa paa.

Nilimwendea Mzee Nyangweso. "Baba, nikiishika kwa mkono wangu, nayo ni osuri?"

Alifikiri sana. Amezeeka mwaka huu. "Mkono unashuka," akasema. "Mkono si mti."

Kwa hiyo kila Jumapili natoka Migori asubuhi, na saa tisa napanda juu ya nyumba ya kaka yangu. Naketi mgongoni mwa paa kando ya kisiki cha bomba, naiinua antena kwa mikono miwili, naielekeza Oyugis. Chini, ngazi inashikwa na Mzee Nyangweso. Hajawahi kuniambia kwa nini anakuja, nami sijamwuliza. Ndani, Benta amekaa kwenye kiti cha Zadock, simu mkononi.

"Nyekundu," anasema.

Nageuza kidogo.

"Bluu."

Kisha tunakaa. Naomba, lakini maombi yangu yamekwisha maneno, nasema tu jina la mtoto. Mikono inaanza kutetemeka baada ya dakika kumi, naishusha hadi magotini, na Benta anasema nyekundu, naiinua tena. Jumapili iliyopita niliweza karibu saa nzima. Nilipomwuliza kama alama imekuwa mbili, alisema, "Bado moja," na mzee akasema kutoka chini, taratibu, "Shuka sasa, mwanangu. Ngazi nimeishika."